Kuizindua Chipu Iliyozirai: Riseti ya Maunzi katika Kiini cha Linux

Makala haya yanakusudia kueleza jambo la kiufundi kwa wasomaji ambao, kama mimi, wamezoea mizani na vina kuliko nyaya na chipu. Kilichonisukuma kuyaandika ni tukio lililoipata familia yetu. Kaka yangu ana duka la huduma za intaneti mjini Homa Bay. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa masomo, yeye nami tulikuwa Migori mazishini, na foleni ya wanafunzi ilikuwa imefika hadi nje ya duka. Ghafla kompyuta zote zikakosa mtandao. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo alikuwa nao kaka.

Jambo la ajabu ni kwamba ruta yenyewe ilikuwa hai. Kaka aliifikia kwa simu kutoka Migori, akaiamuru ijizime na kujiwasha. Ikatii, ikarudi, lakini kompyuta hazikuona kitu. Akairudia amri hiyo mara tatu. Mwishowe akapanda matatu kupitia Rongo, akafika usiku, akachomoa waya wa umeme, akahesabu hadi kumi na kuuchomeka tena. Mambo yakawa sawa. Wanafunzi wawili, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kwenda zao, na muda wa maombi ukawapita.

Kwa nini kuchomoa waya kulifaulu pale amri iliposhindwa? Katika ruta nyingi mna chipu zaidi ya moja. Ipo ile kuu inayofikiri, na ipo chipu ya swichi inayogawa data kwenye matundu ya nyaya. Ruta inapoamriwa kujiwasha upya, ni ile kuu inayoanza upya. Swichi huenda ikaendelea kupata umeme muda wote huo, na rejista zake, yaani vijisanduku vya kumbukumbu vinavyoongoza mwenendo wake, zikabaki na uharibifu uleule.

Ruta nyingi huendeshwa na kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Ndani ya kiini, kila aina ya chipu huwa na programu yake ya kuisimamia. Mitaani programu hiyo huitwa dereva. Mimi napendelea kiendeshi, kwa kuwa ngeli ya KI-VI haimfanyi msomaji amfikirie mtu aliyeshika usukani. Kiendeshi kinaweza kuituma swichi amri ya kuanza upya, lakini amri hiyo hupitia katika njia zilezile za mazungumzo ya kawaida. Chipu iliyozirai haisikii. Kumwambia aliyezimia ainuke hakumwinui.

Ndiyo maana watengenezaji wa chipu huweka pini ya pekee ya riseti. Volti ya pini hiyo ikishushwa, chipu husimama papo hapo na kusahau yote. Ikipandishwa, chipu huanza kama iliyozaliwa leo. Kukiongezea kiendeshi uwezo huu ni kukifundisha kuishika pini, kusubiri, kuiachilia, kusubiri tena, ndipo kiisome rejista ya utambulisho wa chipu. Katika kiendeshi cha swichi za Realtek, kungoja kwa kwanza ni milisekunde 25 na kwa pili ni 100. Anayepuuza kungoja kwa pili huisemesha chipu ambayo bado haijafumbua macho.

Kiendeshi hakibuni pini iko wapi. Husoma maelezo ya maunzi yaliyoandikwa katika faili iitwayo mti wa vifaa. Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Chipu nyingi huriseti pini ikiwa chini, si juu, na hali hiyo lazima itajwe. Ikiandikwa kinyume, kiendeshi kitadhani kimeiachilia chipu kumbe kinaikaba, kisha kitatangaza kwamba chipu haipo. Sisi wa fasihi tunajua jinsi kiambishi kimoja cha ukanushi kinavyoweza kupindua shairi zima.

Aidha, si kila ubao huunganisha pini hiyo kwa namna moja. Kwenye baadhi ya mbao, riseti hutoka kwa kidhibiti maalumu kilichomo ndani ya chipu kuu. Kiini kilipata mfumo wa pamoja wa vidhibiti hivyo mwaka 2013, ilhali kiendeshi cha Realtek kilikuja kuutumia mwaka 2024. Nyongeza hiyo ilifanywa kuwa ya hiari: mti wa vifaa usipotaja riseti, kiendeshi huendelea na kazi kama zamani, na ruta kuukuu hazidhuriki. Ila riseti ikitajwa kisha ikakosekana, kosa hilo halifichwi. Na ikiwa kidhibiti hakijawa tayari, kiendeshi huambiwa kirudi baadaye.

Fundi mmoja aliifungua ruta ya kaka na kuufuatilia mstari wa shaba kutoka pini ya swichi hadi kwenye chipu kuu. Njia ilikuwepo tangu kiwandani; mti wa vifaa ndio uliokuwa kimya. Aliongeza maelezo ya mstari mmoja, na sasa amri ya kujiwasha upya huizindua swichi pia, ingawa nyaya zote hukatika kwa sekunde chache.

Ufunguo wa kabati, hata hivyo, siku hizi huachwa dukani.