Wimbo wa tembo watoto uliozaliwa kwenye filamu ya Momella

Jumamosi asubuhi katika nyumba nyingi za Mkonze, jijini Dodoma, simu ya mama huwa mikononi mwa mtoto. Hupita kichekesho, mtu mnene anajikwaa, na nyuma yake unasikika muziki wa kuchechemea kama wa kiumbe kizito kinachotembea kwa madaha. Mtoto anacheka, baba naye anaitikia kwa mluzi. Ni wachache wanaojua kwamba muziki huo ulitungwa kwa ajili ya filamu iliyopigwa Tanganyika, tena yenye jina la Kiswahili: Hatari!

Filamu hiyo, ya mwongozaji Howard Hawks na mwigizaji John Wayne, ilipigwa kati ya mwishoni mwa 1960 na mapema 1961, Uhuru ukiwa bado miezi kadhaa. Kambi ya hadithi ilikuwa Momella, chini ya Mlima Meru, na kisa chenyewe ni cha watu wanaokamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Mwigizaji mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba huko na kuhamia kwa miaka.

Watoto watatu wa tembo ndio waliozaa wimbo. Kuna sehemu ambayo Elsa Martinelli anawapeleka majini kuoga nao wanamfuata kama vifaranga. Hawks hakuwa na uhakika nayo, alifikiria hata kuikata. Akamwonyesha mtunzi Henry Mancini. Mancini, kama alivyosimulia baadaye katika kitabu cha maisha yake, aliona hatua za tembo wale zikienda na mwendo wa bugi-wugi, ule muziki wa piano wa Wamarekani weusi. Akaandika kipande kifupi cha klarineti na kinanda cha mvuke cha kwenye sarakasi. Sehemu ya tembo ikabaki. Filamu ikatoka 1962, na mwaka uliofuata "Baby Elephant Walk" ikampatia Mancini tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki wa ala. Tangu hapo, televisheni ikitaka kuchekesha kwa mtu mzito, huuita wimbo huo.

Lakini kwa msomaji wa Dodoma kuna jambo tamu zaidi. Hawks alirudi Marekani na sanduku la ala za Kiafrika akampa Mancini: vibuyu, maganda makubwa makavu yenye mbegu ndani, na marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Mancini akazitumia katika muziki wa filamu ile. Ala ya vidole gumba ina majina mengi: mbira kwa Washona wa Zimbabwe, likembe huko Kongo, ilimba kwa Wagogo. Ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma, na hutobolewa matundu yanayozibwa na utando wa buibui ili sauti ivume. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani nyuki wameingia chumbani.

Wagogo waliokuza ala hiyo hawakuwa na jina kwenye bango la sinema. Ilibidi asubiriwe Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyehamia Bagamoyo, ambaye albamu yake Chibite ilitolewa 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki 2003, akiwa amekwisha kuifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya kwa jina lake mwenyewe.

Leo mtoto wa Mkonze anaweza kuupata wimbo wa tembo kwenye simu kwa sekunde chache, na wa Zawose pia, kwa simu ileile. Wa pili humhitaji babu aliye sebuleni, kwa kuwa yeye ndiye anayejua maneno ya Kigogo yanasema nini.