Je, Wajua? Wellington, Mji wa Reli Uliofunikwa na Theluji

Je, wajua kwamba maporomoko ya theluji yaliyoua watu wengi kuliko yote katika historia ya Marekani yaliwakuta abiria wamelala ndani ya mabehewa? Yalitokea Wellington, kijiji cha reli katika milima ya Cascade, jimbo la Washington, usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1910. Walikufa watu 96.

Kijiji hicho kilikaa mdomoni mwa handaki. Kampuni ya Great Northern ililifungua mwaka 1900, urefu wake kilomita 4.2, ili treni ziache kuukwea mlima kwa kupindapinda. Lakini injini za makaa ya mawe zililijaza moshi kiasi cha kuhatarisha maisha. Mwaka 1909 zikaletwa injini za umeme.

Handaki hilo ndilo linaloniuma kila nikisoma habari hii. Treni mbili, moja ya abiria na moja ya barua, zilikwama Wellington kwa siku kadhaa. Theluji iliziba reli mbele na nyuma, makaa ya mashine za kuiondoa yakawa yanakwisha, na vibarua wengi wa kuichota wakaacha kazi baada ya kunyimwa nyongeza ya ujira. Baadhi ya abiria waliutazama mlima uliowainamia, wakaomba treni irudishwe handakini. Wakakataliwa: mle kuna baridi na unyevu, na moshi ungewakosesha pumzi. Wachache walijitosa kushuka kwa miguu hadi stesheni ya Scenic, wakapona.

Kisha theluji ikageuka mvua, na radi zikaanza kupiga. Saa saba ya usiku ilipopita, bamba kubwa la theluji lilikatika mlimani na kuzisomba treni zote mbili hadi korongoni kwenye mto Tye, mita 45 hivi chini. Watu 23 tu waliokolewa. Hoteli ya kijiji haikuguswa. Miili ilifungwa kwenye sleji ikateremshwa mlimani mmoja mmoja. Wa mwisho ulipatikana Julai, theluji ilipoyeyuka.

Na je, wajua kwamba juu ya reli hapakuwa na msitu wa kuizuia theluji? Miti ilikuwa imeteketea kwa moto, ukabaki mteremko mtupu. Hata hivyo, mwaka 1914 Mahakama ya Juu ya Washington iliamua kwamba kampuni haiwajibiki, kwa kuwa hayo yalikuwa majaliwa ya Mungu. Mimi naona waliokuwa wameomba kuhamishwa walistahili jibu bora zaidi.

Mwaka huohuo wa ajali, kijiji kilibadilishwa jina kikaitwa Tye. Baadaye pakajengwa paa refu la zege juu ya reli, ambalo bado limesimama na wapenda matembezi hupita chini yake. Handaki la zamani ni hatari kuingia, kwani sehemu ya dari lake imeporomoka.

Kilichokiua kijiji ni handaki jingine. Mnamo Januari 1929 lilifunguliwa jipya la kilomita 12.5, chini zaidi mlimani, na Tye ikakosa kazi, watu wakahama. Handaki hilo linatumika hadi leo, na tatizo lake ni lilelile: treni ya dizeli ikishapita, feni kubwa hulazimika kuufukuza moshi kabla nyingine haijaruhusiwa kuingia.