Dalali asiyeuza na mtini usiozaa

Somo: Luka 13:6-9

Watu wengi hawauzi nyumba kwa kupenda. Nyuma ya uamuzi huo mara nyingi kuna mgonjwa anayehitaji matibabu, deni la benki, au mirathi ambayo ndugu wanataka kuimaliza kwa amani. Familia inamkabidhi dalali kazi, inaomba na inasubiri. Miezi sita inapita. Dalali aliyekuwa akipiga simu kila siku sasa hapokei, na akipokea anasema, "Mteja yupo njiani."

Hapo imani yetu hupimwa. Wapo wanaokwenda kumchafua dalali kwa majirani, na wapo wanaonyamaza huku moyo unawaka, wakisema wanamwachia Mungu. Njia zote mbili haziuzi nyumba wala hazimjengi mtu.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu aliyekuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Kwa miaka mitatu alikuja kutafuta matunda asipate, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Ukizaa, vema, usipozaa, ukatwe. Mfano huu unatuita kwenye toba. Lakini pia unatuonyesha kwamba rehema ya kweli hufanya kazi na huweka muda.

Basi tuanze kupalilia kwetu. Je, bei uliyotaja inalingana na nyumba za mtaa wako, au umeipanga kwa kuhesabu jasho ulilomwaga kwenye ujenzi? Nyaraka zipo? Kama ni mirathi, msimamizi amethibitishwa na mahakama? Mwenzi wako ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Dalali hawezi kumaliza biashara ambayo mwenye mali mwenyewe hajaiweka sawa.

Baada ya hapo, mwendee dalali. Katika Mathayo 18 Yesu anafundisha kwamba ndugu akikukosea, uzungumze naye kwanza mkiwa wawili. Asiposikia, uchukue mtu mmoja au wawili. Muulize kwa upole: ni watu wangapi wameiona nyumba? Walisema nini? Unawatajia bei gani?

Swali hilo la mwisho ni muhimu kwa sababu ya kile kinachoitwa "cha juu". Wewe unataka Sh80 milioni, yeye anawaambia wanunuzi Sh95 milioni ili tofauti iingie mfukoni mwake. Wateja wanaondoka kimya kimya, nawe unaanza kudhani nyumba yako ina nuksi.

Mkielewana, andikeni mbele ya shahidi: bei isiyoongezwa, malipo yake, taarifa kila wiki na siku ya mwisho wa makubaliano. Huo ndio mwaka mmoja wa mtini. Siku hiyo ikifika bila matunda, mshukuru, chukua funguo zako na utafute mwingine. Kumwachisha mtu kazi aliyoshindwa si dhambi, mradi ulimwambia ukweli mapema.

Lakini hata mwenye nyumba ana jaribu lake. Dalali huyo huyo uliyemchoka anaweza kuwa ndiye aliyemleta mnunuzi. Wengine humzunguka, wakamalizana na mnunuzi usiku ili wasilipe ujira, kisha Jumapili wakatoa sadaka ya shukrani kwa nyumba kuuzwa. Yakobo 5:4 inatuonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anausikia. Mlipe chake, hata kama alikukera.

Na wewe dalali unayesali nasi, soma Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu alipofika nyumbani kwa Labani aliandaliwa chakula, lakini alikataa kula kabla hajaeleza shauri la bwana wake. Alitanguliza kazi aliyotumwa kuliko tumbo lake. Wiki hii mpigie simu mwenye nyumba uliyemkimbia, umwambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba hakuna mteja.

Jumapili njema.