Kiuno cha Jiko

Ukilitazama jiko la makaa lenye bitana ya udongo, lile lipangwalo kwa mafungu kando ya barabara za Nairobi na Mombasa, utaona kwamba limebanwa katikati kama mwanamke aliyejifunga kibwebwe, na juu na chini limetanuka. Na aghalabu mnunuzi hudhani kuwa umbo hilo ni urembo tu wa fundi, ilhali kiuno hicho ndicho jawabu la maswali matatu yaliyowahangaisha wahandisi na wafua bati mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Jiko lililotangulia lilikuwa bati tupu. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walilikata katika mapipa yaliyokwisha kazi, wakalikunja na kulipiga nyundo mchana kutwa juani, likauzwa kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu. Ila yake ilikuwa moja, walakini kubwa: bati ni jembamba na hupitisha joto upesi, basi nusu na zaidi ya joto la makaa lilitokea ubavuni likampasha mpishi miguu, na sehemu iliyofika sufuriani ilikuwa takriban asilimia 10 hadi 20 tu. Mwanamke aliyenunua debe zima la makaa alikuwa, kwa hakika, amenunua vikombe vichache vya moto, na salio amelitoa sadaka kwa hewa.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake Nairobi juu ya nishati mpya na zile zisizokwisha, na katika majira hayohayo azma ya kupata jiko lisilokula makaa ikashika nguvu nchini Kenya. Mfano ulitoka Thailand, ambako watu walikuwa na jiko la ndoo: chungu kizito cha udongo kilichotiwa ndani ya ndoo ya bati, na nafasi baina yao ikajazwa jivu la makapi ya mpunga. Maxwell Kinyanjui, ambaye jina lake hutangulia kila asili ya jiko hili inaposimuliwa, pamoja na mafundi na mashirika yaliyoshirikiana naye, KENGO miongoni mwao, hawakulichukua jiko hilo kama lilivyo. Na kutolichukua kama lilivyo ndiko kazi yote ya usanifu ilikokuwa.

Swali la kwanza lilikuwa la kupasuka. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo; tena udongo wenyewe, ukiwa mwekundu ndani na vuguvugu nje, huvutana nafsi yake kwa nafsi yake hata ukaachana. Swali la pili lilikuwa la uzito na gharama, kwa kuwa udongo ukijazwa toka mdomoni hadi kitakoni, jiko huwa mzigo wa kumvunja mgongo mchuuzi. Hapo kiuno kikajibu yote mawili. Moto hukaa juu, chini hakuna ila jivu na hewa ipandayo; basi ya nini kulivika jivu joho la udongo? Bitana ikafanywa fupi, mfano wa faneli, yenye sakafu ya matundu, ikaketishwa katika nusu ya juu na kukamatwa na kiuno, na baina yake na bati ikapakwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu ni la mwiko. Sufuria ya wali hukaa ikachemka kwa amani. Sima haina amani. Mtazame mpishi wakati unga umekaza: ameketi juu ya kibao, mkono mmoja umeshika ukingo wa sufuria kwa kitambaa, wa pili unausukuma mwiko toka chini kwa nguvu ya bega, na kila msukumo unataka kuliangusha jiko ubavu. Ndoo, ambayo kitako chake ni chembamba kuliko mdomo wake, haiwezi kustahimili fujo hiyo. Jiko lenye kiuno, kwa kuwa limetanua miguu chini kama mtu anayejiandaa kwa mieleka, hustahimili. Katika maabara jiko hupimwa aghalabu kwa kupima uzito wa makaa na kuchemsha maji, na kipimo hicho ni cha haki. Lakini maji hayasukumi.

Jiko lililotimia lilifikisha sufuriani asilimia 25 hadi 40 ya joto, na matumizi ya makaa yakapungua kwa theluthi, pengine nusu. Nalo halikufungwa kwa hataza, basi kila aliyejua kukunja bati aliliiga, bei ikashuka, na kazi mbili ambazo hapo zamani hazikujuana, ufuaji bati na ufinyanzi, zikawa na haja ya kila siku baina yao. Katika miaka michache likaingia malaki ya nyumba, likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na Uhabeshi.

Uhuru huo wa kuiga ulikuwa na taksiri yake. Jiko langu la kwanza, nililolinunua kwa mchuuzi wa njiani kwa kuvutiwa na rangi yake, lilipasuka bitana kabla ya mwezi kwisha. Udongo ulikuwa umeanikwa zaidi kuliko ulivyochomwa. Na kuna jambo ambalo kiuno hakikulijibu: makaa katika jiko lolote, likiwa la bati au la udongo, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo rangi wala harufu, na anayeliingiza chumbani usiku wa baridi akafunga madirisha apate kuota moto, hulala asiamke. Wala msitu haukusalimika kwa kadiri iliyotarajiwa, kwani kila nyumba ilipopunguza debe moja, mji ulizidi kuongeza nyumba, na malori ya magunia hayakupungua barabarani. Kwa rai yangu hilo si kosa la jiko. Ni kosa la wale waliolikabidhi jiko mzigo wa siasa ya misitu.

Siku hizi nikienda kununua jiko sitazami rangi. Huligonga bitana kwa kifundo cha kidole, kama nilivyomwona bibi mmoja akifanya sokoni, yeye akiyagonga majiko sita mfululizo huku mchuuzi akinuna: udongo uliochomwa barabara hulia kama kengele ndogo, ule uliochomwa nusu hutoa mlio mfu. La saba likalia. Alilipindua, akalitazama kiunoni kuona kama bitana imeketi sawa, ndipo alipofungua fundo la leso yake.