Karamu ya Wiki Chache: Maua ya Mashamba na Hatima ya Nyuki-mwitu

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi huikariri, ina hekima tele, lakini pia imetufumba macho. Imetuzoesha kuamini kwamba nyuki ni yule tu atengenezaye asali. Muulize mwanafunzi yeyote maana ya nyuki, naye atakujibu bila kusita kwamba ni mdudu mwenye mzinga, asali na mwiba. Jibu hilo huwaacha nje karibu nyuki wote waliopo duniani. Wataalamu wa wadudu wamekwisha kutambua spishi za nyuki zaidi ya 20,000, na wale wa mzingani ni wachache mno miongoni mwao. Waliosalia ni nyuki-mwitu. Aghalabu huishi peke yao, kila jike na kiota chake ardhini, katika mti mkavu au ndani ya bua. Hawana asali ya kutugawia, na kwa hiyo lugha yetu ya kila siku haijawagawia hata jina.

Mwalimu wa lugha anajua kwamba kisicho na jina huwa vigumu kukitetea. Hii ndiyo sababu swali la kama mimea ya shambani inayochanua huwafaa nyuki hawa au huwadhuru halisikiki sana madarasani mwetu, ilhali ni swali la chakula chetu wenyewe.

Fikra iliyoenea ni kwamba maua ni maua. Mkulima akipanda ekari nyingi za alizeti au kanola, husemwa kuwa amewaandalia nyuki karamu. Fikra hii si ya uongo, bali ni nusu ya ukweli. Nchini Ujerumani, watafiti walionyesha mwaka wa 2003 kwamba mahali palipokuwa na mashamba mengi ya mmea wa mafuta wa jamii ya kanola, palionekana pia idadi kubwa zaidi ya nyuki wanene wenye manyoya, ambao kwa asili hawapatikani katika nchi yetu. Wengi wangeishia hapo na kushangilia. Lakini utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulifichua jambo zito. Makundi ya nyuki waliokula karamu hiyo yalikua upesi mwanzoni kwa kupata vibarua wengi, ila hayakuzaa malkia na madume zaidi ya makundi mengine. Kwa maneno mengine, nyumba ilijaa watu lakini uzao wa mwaka uliofuata haukuongezeka.

Sababu yake si fumbo. Shamba la zao moja huchanua kwa wiki chache, kisha maua yote hunyauka kwa pamoja. Jana kulikuwa na shibe, leo ni njaa. Kundi la nyuki linalohitaji chakula kwa miezi kadhaa haliwezi kuishi kwa karamu ya wiki tatu au nne. Naye nyuki wa upweke, ambaye maisha yake ya utu uzima huwa ni ya wiki chache tu, hafaidiki hata kidogo iwapo anatoka kiotani baada ya maua kwisha.

Tena, karamu yenyewe yaweza kuwa na sumu. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya Uswidi na kuchapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba pale ambapo mbegu zilipakwa dawa ya kuua wadudu ya jamii ya neonikotinoidi kabla ya kupandwa, nyuki-mwitu walipungua, ilhali makundi ya nyuki wa mzingani hayakuonyesha madhara kama hayo. Zingatia jambo hili, ewe msomaji: anayemtazama nyuki wa asali peke yake angesema mambo ni shwari. Mnamo mwaka wa 2018, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za aina hiyo katika mashamba ya wazi.

Isidhaniwe kuwa haya ni ya Wazungu pekee. Kule Nguruman, katika Kaunti ya Kajiado, wakulima hupanda biringanya. Ua la biringanya huficha chavua yake ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo kwenye ncha. Nyuki wa asali hana ujuzi wa kuitoa. Nyuki seremala, yule mkubwa atobowaye mbao, hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa zake hadi chavua imwagike. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulithibitisha kwamba zao hilo la Nguruman huwategemea nyuki-mwitu kama hao. Lakini ua hilo halina mbochi, ule utamu ambao nyuki hunywa. Basi nyuki anayemhudumia mkulima hana budi kwenda porini kutafuta kinywaji na makao. Mkulima akifyeka pori lote ili apanue shamba, amemfukuza kibarua asiyedai mshahara.

Najua wapo watakaouliza: je, mwenye nusu ekari na watoto watano awaachie wadudu ardhi? La hasha. Hakuna anayedai hivyo. Kinachotakiwa ni ua wa shamba wenye mimea ya porini inayochanua kwa zamu, gogo kavu moja lisitiwe motoni, sehemu ndogo ya udongo isilimwe, na dawa isinyunyizwe wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini.

Nanyi walimu, shamba la shule ni darasa lisilohitaji ada. Wapelekeni wanafunzi wakahesabu nyuki wa aina mbalimbali wakati mharagwe unapochanua, kisha warudi tena maua yakiisha, waone nani amebaki na anakula nini. Wahenga hao hao walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Viota vya nyuki hawa vimo udongoni, chini ya nyayo zetu. Tuiname tuwatazame, tuwape majina, tuyaingize katika insha na kamusi zetu, kabla hatujabaki na mashamba yenye maua tele yasiyozaa matunda.