Mzigo wa mama wa Old Moshi na hesabu ya Profesa Maloiy

Njia zinazoteremka kutoka Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenda soko la Kiboriloni hazikosi akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani. Shingo imenyooka, kata imekaa sawasawa utosini, mkono mmoja umeshika mzigo. Wengine utawakuta wakipanda na majani ya ng'ombe waliyokata huko tambarare. Anayewatazama husema, "Ah, wamezoea." Kauli hiyo ina ukweli wake, na yupo mwanasayansi wa Kenya aliyeupima.

Geoffrey Maloiy, mtaalamu wa fiziolojia ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichunguza kwa miaka mingi jinsi mwili unavyotumia maji na nishati. Mwaka 1972 alihariri kitabu kuhusu wanyama wa jangwani. Mwaka 1981, pamoja na C. Richard Taylor wa Harvard na Ewald Weibel wa Uswisi, alichapisha vipimo vya oksijeni ambayo wanyama hutumia wanapokimbia hadi ukomo wa nguvu zao, kuanzia nguchiro mdogo hadi pofu. Msingi wa vipimo hivyo ni kwamba misuli huunguza chakula kwa oksijeni. Ukijua oksijeni iliyotumika, umejua gharama ya kazi kwa mwili mzima.

Maloiy, Taylor na wenzao wakawapima pia akina mama wa Kenya: Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kichwani. Majibu yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1986. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuongeza matumizi ya oksijeni hata kidogo. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 bila gharama ya ziada. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza siri yake: mwili wa mtembeaji hupanda na kushuka kila hatua, mithili ya bembea, na akina mama hao wakibeba mzigo hupoteza nishati kidogo zaidi katika mzunguko huo.

Hata hivyo, matokeo hayo hayakukubaliwa yote. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2010 haukuona nafuu ya jumla kwa wanawake waliozoea kubeba kichwani. Ulikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu.

Tena vipimo vya Kenya vilikuwa vya kutembea tambarare, na Old Moshi ni mteremko. Mkungu uliokomaa unaweza kupita kilo 20, juu ya kiwango kile cha nafuu. Anayepanda lazima ainue kila kilo kwa misuli yake, na misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati kuwa kazi. Iliyobaki ni joto, ndilo jasho lile usoni. Kushuka hutumia oksijeni kidogo, lakini misuli ya mapaja hufunga breki huku ikivutwa, na nyuzi zake huchanika. Maumivu huja kesho yake, na kipimo cha oksijeni hakiyaonyeshi.

Kwa hiyo uzoefu wa mama usigeuzwe kisingizio cha kuacha barabara mbovu na bomba la maji mbali. Tena ng'ombe ni wa nyumba nzima: majani yake baba naye anaweza kuyabeba.