Motokaa Iliyofutwa na Bima: Heri Kusema Kweli Mapema

Mavuno ya mahindi yanapokwisha katika Trans Nzoia, wakulima wengi wa Kitale hufikiri kununua motokaa. Hali ni hiyo hiyo Bungoma kwa walimu na makarani waliojiwekea akiba. Motokaa mpya ni ghali, basi wengi hutafuta iliyokwisha tumika. Huko ndiko mtu huweza kukutana na motokaa nzuri machoni, rangi yake yang'aa, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya zile zinazofanana nayo. Kabla ya kushangilia, yampasa mnunuzi aulize neno moja: je, motokaa hii ilipata kufutwa na kampuni ya bima?

Maana ya kufutwa ni hii. Motokaa yenye bima kamili ikiharibika, mkadiriaji hupima gharama ya kuitengeneza. Gharama hiyo ikiwa kubwa mno kwa kulinganishwa na thamani ya motokaa, kampuni huona afadhali kumlipa mwenyewe thamani hiyo, kisha huyachukua mabaki na kuyauza. Fundi huyanunua, huinyosha bodi, huipaka rangi, na motokaa hurudi barabarani. Jambo hilo peke yake si udanganyifu. Udanganyifu huanza pale habari zake zinapofichwa.

Tena si kila motokaa iliyofutwa huonyesha kovu. Mafuriko ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha motokaa nyingi. Motokaa iliyozama huweza kukaushwa na kusafishwa, lakini nyaya zake huendelea kuliwa na kutu polepole. Hata motokaa zitokazo ng'ambo zina habari zao. Katika minada ya Japani, karatasi ya mnada huwa na herufi R au RA kuonyesha kwamba motokaa ilipata ajali na kutengenezwa. Uingereza nako, tangu Oktoba 2017, iliyofutwa hupewa herufi: A na B hazirudi barabarani kamwe; S iliumia mifupa yake, na N haikuumia mifupa, nazo zaweza kutengenezwa na kuuzwa tena.

Sasa fikirini watu wawili, mkulima wa Kitale na karani wa Bungoma. Kila mmoja amenunua motokaa iliyofutwa zamani, kila mmoja amelipa Shs. 500,000, na kila mmoja ameambiwa ukweli na muuzaji. Mkulima anapojaza fomu ya bima anaona swali juu ya ajali za zamani, naye anajibu, "Hapana," ili apate bima kamili bila maswali. Karani anaandika yote, na kuambatisha taarifa ya mthamini. Kampuni ya kwanza inamkatalia. Ya pili inampa bima kamili, lakini kwa thamani ndogo kuliko alivyotaka. Anarudi nyumbani akinung'unika.

Miezi inapita. Mkulima anapata ajali katika barabara ya Kitale kwenda Webuye, na mwendesha baiskeli anaumia vibaya. Kampuni inamtuma mkaguzi, naye anaona chuma kilichoungwa zamani chini ya rangi. Namba ya chasisi inafuatwa, na habari zote zinajulikana. Hapo motokaa yake haitengenezwi. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Wala hasara haikomei hapo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimisha kila mwenye motokaa kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine, nayo huweza kufikia Shs. 3,000,000 kwa kila mtu aliyeumia au kufa. Lakini sheria hiyo hiyo huiruhusu kampuni kwenda mahakamani ili itamkwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa. Kampuni ikifaulu, fidia ya mwendesha baiskeli yaweza kumwangukia mwenye motokaa mwenyewe. Ndipo shamba linapoingia hatarini kwa sababu ya neno moja katika fomu.

Kanuni hii si ngeni. Mwaka 1766 hakimu wa Kiingereza, Lord Mansfield, aliieleza katika kesi ya bima ya ngome moja huko Sumatra: mwombaji wa bima ndiye azijuaye habari za mali yake, na mtoa bima hana budi kumwamini. Karani wa Bungoma alilipiwa kidogo, lakini alicholipiwa ni halali yake, wala hakuna awezaye kumnyang'anya.

Kwa hiyo yafaa mnunuzi afuate mambo haya. Kwanza, atafute habari za motokaa katika daftari la NTSA kwa kutumia namba yake, alinganishe namba za chasisi na injini, na aangalie kama logibuku ilipata kupita mikononi mwa kampuni ya bima. Pili, amwite mthamini aliye huru, si rafiki wa muuzaji, aitazame motokaa kabla ya kutoa fedha. Tatu, aulize kampuni za bima kabla ya kununua, maana motokaa isiyokubaliwa kwa bima kamili haifai kulipiwa bei ya motokaa safi. Nne, asimwachie wakala kumjazia fomu, bali aisome, aandike kweli, na kuweka nakala yake. Akiona ameonewa na kampuni, anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, yaani IRA.

Asiyejua habari za motokaa hawezi kuzisema, lakini kutojua hakuiongezei thamani: bima hulipa kwa thamani halisi ya motokaa siku ya ajali, si kwa matumaini ya mwenyewe. Motokaa iliyofutwa yaweza kumtumikia mtu vizuri miaka mingi, ikiwa imetengenezwa sawasawa na bei yake ni ya haki. Makosa yake ya zamani huweza kunyoshwa na fundi. Uongo ulioandikwa katika fomu hauna fundi wa kuunyosha.